Mikono Katika Chumba cha Mtihani

Alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakulificha. Aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa hata simu ikilia wakati hakuitarajia. Kaka zake walimbandika jina la Kunguru, kwa kuwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na jina likamfuata mpaka kwa mumewe, likamfuata mpaka hospitali alikofanya kazi ya usafi. "Kunguru, kapige deki wodi ya wanaume," wenzake walizoea kumwambia, naye alikwenda na ndoo yake, akiambaa ukuta kama mtu anayekimbia matone ya mvua.

Wagonjwa tu ndio hakuwaogopa. Kidonda kilichowafanya wengine wageuze uso, yeye alikitazama. Alimgeuza mzee aliyeshindwa kujigeuza, akampangusa mdomo, akarudi kwenye deki lake. Siku moja muuguzi mkuu akamwambia, "Wewe unapotea na hiyo ndoo. Omba mafunzo ya uuguzi msaidizi." Mafunzo yenyewe yalidai cheti cha Kiingereza, na hayakupokea mtu aliyepita umri fulani. Mwaka huu alikuwa bado ndani ya umri. Mwaka ujao angekuwa nje.

Ndipo wifi yake, dada wa mumewe, alipomchukua. Wifi alifundisha Kiingereza watu wazima katika darasa la chekechea, alasiri, watoto wakishaondoka. Viti vilikuwa vya watoto, na mtu mzima akikaa magoti humkaribia kidevu. Aliyetaabika zaidi alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, pande la mtu, ambaye kila alipoinuka kiti kiliinuka naye.

"Kaka, acha mali ya shule," wifi alimtania.

"Mwalimu, kimenipenda chenyewe."

Kilichowatoa jasho wote ni yale maneno ambayo wifi aliyaita mapacha wa uongo: yanaandikwa kwa herufi zilezile, lakini maana zake hazijuani hata kwa salamu. "Msilalamike, hata sisi tunayo," alisema. "Mgeni unamwambia kaa. Atajuaje kama unampa kiti, unamwonyesha kaa la moto, au kuna kaa anatembea ufukweni? Nyinyi hampotei kwa sababu mmezaliwa humo. Haya ya wenzetu lazima tuyaingize mwilini, maana kichwani hayakai."

Kuyaingiza mwilini kulikuwa kwa mikono. Kila maana ilipewa ishara yake. Neno "patient" likiwa mgonjwa, kiganja kwenye paji la uso. Likiwa mvumilivu, mikono miwili inakunjwa kifuani. "Well" likiwa kisima, unavuta kamba. Likiwa salama, dole gumba juu. "Light" likiwa taa, vidole vinafunguka juu ya kichwa. Likiwa jepesi, kiganja kinapanda taratibu kama kimebeba unyoya.

Njia hiyo ilimfaa Kunguru kuliko dawa. Mdomo wake ulikuwa ukifungika mbele za watu, lakini mikono haikujua aibu. Alifanya mazoezi akisubiri chai ichemke, akifua, akiwa kitandani.

"Mke wangu, unafukuza inzi au unasoma?" mumewe aliuliza.

"Nasoma."

"Basi soma ukielekea kule. Utanitoboa jicho."

Siku ya mtihani hakuweza kumeza hata chai. Ukumbini meza ziliachana, na msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye viatu vyenye mlio, akasoma masharti: hakuna kuzungumza, hakuna kugeuka, anayesaidiana na mwenzake anatolewa. Mbele, meza mbili kutoka kwake, Kunguru aliona mgongo wa mlinzi ukiwa umejaza njia. Kidogo akapata nguvu.

Msimamizi alikuwa anasoma sentensi, nao wanatia alama kwenye picha inayolingana nayo. Ya kwanza ilikuwa na "patient". Kabla Kunguru hajafikiri, kiganja kilishafika kwenye paji la uso. Mbele, kiganja kipana cha mlinzi nacho kikapanda usoni. Ya pili ilikuwa na "well". Kunguru akavuta kamba kidogo tu, chini ya kifua. Mlinzi akavuta yake kama anayenywesha ng'ombe wa ukoo mzima.

Viatu vikaacha kulia, vikasimama kando yao.

"Wewe inuka. Na wewe, wa nyuma. Karatasi zenu acheni hapo."

Hakujua alifikaje ofisini. Alichokumbuka ni ubaridi wa kiti na mdomo uliokauka kama kitambaa cha juani. Msimamizi mkuu, bwana mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, alisikiliza maelezo ya yule mwanamke: wa mbele anatoa ishara, wa nyuma anapokea, na ishara zenyewe zinafanana.

"Mama," msimamizi mkuu akamgeukia, "unamjua huyu bwana?"

"Simjui."

Wakati uleule mlinzi naye alikuwa anajibu kwa sauti yake nene. "Namjua vizuri, mkubwa. Tunasoma kwa wifi yake."

Lile "simjui" lilikuwa limemtoka Kunguru lenyewe, kama vile mtu anavyokwepa kofi ambalo hata halijainuliwa.

Mlinzi akajitahidi kueleza: ishara ni za kujifunzia, mkono wake hauna adabu, hata ghalani huwa anapungia magunia. Msimamizi mkuu alimsikiliza bila kucheka.

"Wewe umesema kweli, nitakurudia," akasema. "Lakini huyu mama sijui nimfanyeje. Asiye na kosa anadanganya ya nini?" Akavuta karatasi ya Kunguru, ambayo yule mwanamke alikuja nayo, akashika kalamu nyekundu.

Maisha yake yote, mahali kama hapo alisema samahani na kuondoka. Mkono ulishakamata mkoba. Aliuona mlango, akaiona njia ya kurudi nyumbani, na ndoo ikimngoja kesho, na kesho kutwa, mpaka mgongo umpinde. Aliogopa kusema. Akagundua kwamba kunyamaza anakuogopa zaidi.

"Nimedanganya," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, si yake. "Namjua. Ni mwenzangu darasani."

"Kwa nini ulisema humjui?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nyinyi." Machozi yakamlenga, akayazuia. "Mtu akiniuliza kwa ukali, natafuta jibu la kumfanya aache kuuliza. Ndivyo nilivyo. Lakini jibu sikuiba kwa mtu."

"Nitajuaje?"

"Niweke peke yangu, mwalimu. Nielekee ukuta. Nisomee sentensi nyingine, na mikono niachie. Nikiwa peke yangu, nitampa ishara nani?"

Msimamizi mwembamba akasema sheria haikueleza jambo kama hilo. Msimamizi mkuu akaendelea kuitazama ile kalamu, kisha akaifunga kifuniko. "Haikulikataza," akasema. "Bwana naye atafuata baada yake."

Wakampeleka chumba cha meza mbovu. Mbele yake palikuwa na ukuta uliobanduka rangi. Nyuma ya kisogo chake, viatu vyenye mlio. Sentensi ya kwanza ilimpita yote. Masikio yalivuma, akaacha nafasi tupu. Ya pili ilikuwa na "light". Akainua kiganja, unyoya wake ukayumba kama umepigwa na kimbunga, lakini ulipanda, na maana ikapanda nao. Akatia alama. Iliyofuata akakunja mikono kifuani. Iliyofuata tena akavuta kamba, safari hii kwa nguvu, mpaka kiti kikalia. Hofu haikwenda popote. Ilikaa palepale mabegani mwake, naye akaendelea kufanya kazi ikiwa imempanda.

Alipomaliza, msimamizi mkuu aliichukua karatasi na kuisahihisha amesimama, akiisogeza karibu na miwani. Alichukua muda. Mahali fulani kalamu iliandika, mahali fulani ikasita. Kunguru aliukazia macho ukuta, kwa sababu hakuna aliyemruhusu kugeuka.

"Hii ya kwanza umeiacha."

"Ndiyo."

"Na mbili umekosa." Karatasi ikageuzwa. "Umepita, mama. Nitaandika kwamba hapakuwa na udanganyifu wa mtihani. Ule mwingine tutauacha humu humu."

"Umesema nimepita?"

"Umepita. Nenda umwite mwenzako."

Akajaribu kusimama, magoti yakakataa.

"Naomba nikae kidogo kwanza," akasema. "Miguu haijapata habari."

Msimamizi mwembamba akaenda mwenyewe kumwita mlinzi.