Alama Ndani ya Chungu

Fundi Yunus, mshona nguo wa Kisangani, alikuwa na vyungu arobaini kabatini, na ole wake aliyevigusa. Kila kimoja alikibinua kutafuta alama ya mfinyanzi kwenye kitako. Miaka kumi hakuona kitu.

Siku moja Fatouma, mkewe, aliyelelewa na wafinyanzi wa Barumbu, alichoshwa na vumbi la vyungu hivyo, akavishusha avioshe. Akafumba macho, akaingiza mkono ndani ya kimoja.

"Hii iko ya Mama Albertine, mfinyanzi wa kwetu." Akashika kingine. "Hii ya dada yake."

"Unajua namna gani?" Yunus akauliza.

Fatouma akauingiza mkono wa mumewe katika kile cha kwanza. Ndani ya shingo, kidole kikatua kwenye kishimo kilichoachwa na dole gumba la mfinyanzi. Kwenye cha dada, vishimo viwili.

"Alama anaipata mwenye kuosha, papa," akamwambia mumewe. "Wewe uliosha ngapi?"

Yunus akakunja mikono ya kanzu kama anayekwenda kutawadha, akaomba maji.