Makufuli ya Abu Ghazwan

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, Abu Ghazwan alitoa sinia la bati lililojaa makufuli na kuliweka kizingitini mwa karakana yake. Kisha aliingia ndani, akaupa mlango mgongo, akajifanya ana kipande cha chuma cha kupiga tupa. Wenye maduka walipita mmoja mmoja, kila mtu akachukua lake, na hakuna aliyeuliza bei. Sinia lilipobaki tupu ndipo alipogeuka na kumwambia binti yake, "Haya, mwanangu, sasa tunywe."

Ilikuwa hivyo tangu mgomo uanze. Wenye maduka wa mji mkongwe wa Nablus walikuwa wamekubaliana kufungua asubuhi tu, na adhuhuri kushusha milango. Jeshi lililoukalia mji likaamuru kinyume chake: asubuhi wafunge, alasiri wafungue. Hakuna aliyetii. Basi kila alasiri askari walipita na mitaimbo, wakavunja kufuli baada ya kufuli, wakaacha maduka wazi ili wenyewe waje mbio kuokoa mali zao. Wenyewe walikaa majumbani. Viatu, mchele na sabuni vilibaki wazi mbele ya kila mpita njia, na mpaka magharibi haukupungua mchele hata konzi moja.

Aliyeyaokota makufuli yaliyovunjika alikuwa Ruwaida, binti wa Abu Ghazwan. Chuo kikuu alichosoma kilikuwa kimefungwa na jeshi, na kaka yake Ghazwan alikuwa Kuwait. Mama yao alikwisha kufa. Kwa hiyo msichana huyu, ambaye zamani hakuwahi kushika kitu kizito kuliko kamusi, alipita mitaani na kapu lake, akaweka mboga za majani juu na vyuma chini, akampelekea baba yake ayatengeneze usiku.

"Ruwaida, leo unapika chuma na nini?" Umm Fakhri alimuuliza kila alipopita. Mama huyu alikuja kutoka kijijini kuuza figili na mnanaa, na kituo chake kilikuwa ukutani, kando ya karakana.

Ruwaida alitabasamu tu. Hakuwa msemaji. Maneno mengi aliyotaka kumwambia baba yake aliyameza, yakabaki kifuani miaka na miaka.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mtu wa kwanza kulifikia sinia alikuwa ofisa wa jeshi. Alikuja kwa miguu, askari wawili nyuma yake. Alichuchumaa, akachagua kufuli, akalipima mkononi kama mtu anayechagua kitunguu.

"Habari za asubuhi, fundi," alisema. Kiarabu chake kilikuwa kizuri. "Hili nalijua. Jana nililivunja mwenyewe."

Abu Ghazwan hakugeuka upesi. Kwanza aliilegeza jiriwa iliyobana chuma chake. "Basi mmeshazoeana."

Ofisa alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli, jambo lililomtia Ruwaida baridi zaidi kuliko kama angetukana.

"Una mkono mzuri. Kesho adhuhuri tutaupa kazi. Wanaotaka kufunga, tutawasaidia kufunga. Utakuja na mtungi wako wa gesi, tuanze na duka la Tahsini wa viungo. Utauchomelea mlango wake juu mpaka chini. Halafu tutaendelea na mtaa."

"Na nikiamka mgonjwa?"

"Unaumwa kifua, nimesikia. Jangwani tuna mahema ya wafungwa. Hewa ya kule ni kavu, inafaa kifua."

Alilitia kufuli mfukoni, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Habari ilitembea mtaani kabla kahawa haijapoa. Waliokuja kuchukua makufuli yao siku hiyo waliyachukua macho yakiwa chini. Wengine walisalimu kwa sauti ndogo, kama wanaoingia nyumba yenye msiba. Mmoja hakuja kabisa. Kufuli lake likabaki peke yake kwenye sinia.

"Abu Ghazwan," Umm Fakhri aliita kutoka ukutani. "Kesho tukuite fundi au tukuite bwana ofisa?"

"Niite kwenye chakula, Umm Fakhri. Sifai kwingine."

"Figili ninazo. Lakini nauliza kweli."

"Najua," alisema, akarudi kwenye tupa yake.

Alasiri, huku mitaimbo ikisikika mitaa ya chini, Haji Tahsini aliingia kwa mlango wa uani. Alinuka binzari na iliki, na alikuwa amevua tarabushi lake ili asitambuliwe kwa mbali. Ruwaida alimwekea kiti, akasimama pembeni na birika.

"Nimekuja kukuomba unichomelee," Haji alisema.

"Uzee umeanza, Haji."

"Nisikilize. Gusa juu juu tu, kama mtu anayebandika stempu. Wao watajua nini? Wakishaondoka nitausukuma mlango kwa bega."

"Bega lako hilo? Lililoshindwa na mlango wa choo msikitini, tukaja kukutoa?"

Haji alicheka mpaka akajifuta macho, halafu uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Sifanyi mzaha, ndugu yangu. Una msichana ndani ya nyumba, hana mama, kaka yake yuko mbali. Wewe na kifua hicho kwenye mahema hutamaliza kiangazi. Mlango ni wangu, na mimi mwenye mlango nimekuruhusu. Nitasema mbele ya watu wote. Nani atakayekulaumu?"

"Mungu akulipe, Haji," Abu Ghazwan alisema. "Hakuna aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo."

Ruwaida alifarijika. Njia ilikuwa imepatikana, na mwenye mlango ndiye aliyeionyesha. Haji alipoondoka, Ruwaida aliukunja mpira wa gesi vizuri, akalifuta bomba la kuchomelea, akauburuta mtungi mpaka karibu na mlango ili baba yake asije akauinua peke yake. Abu Ghazwan alimwangalia akifanya hayo yote.

Jioni aliomba apikiwe wali wa dengu wenye vitunguu vingi, akala kuliko kawaida yake. Kisha alimchukua binti yake uani akamwonyesha namna ya kufunga bomba kuu la maji, jambo ambalo Ruwaida alilijua tangu utoto. Alimwonyesha polepole, na Ruwaida akatazama kana kwamba analiona mara ya kwanza. Faraja yake ikaanza kuingia ufa.

Kesho yake adhuhuri milango ilishuka, mmoja baada ya mwingine, na mtaa ukawa kimya. Umm Fakhri hakuondoka. Juu, wanawake walitoka madirishani wakasimama. Abu Ghazwan alikuwa amenyoa ndevu, ameketi kwenye kiti mlangoni, viatu amevifunga kamba barabara.

Ofisa alikuja na gari safari hii. Aliuona mtungi karibu na mlango, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Beba, fundi. Twende."

"Sibebi."

"Tahsini ameshakuruhusu. Mtaa mzima unajua."

"Ni kweli. Ameniruhusu."

"Sasa?"

"Sibebi."

Ofisa aliinua mkono. Askari wakaingia karakanani. Jiriwa ilipinduliwa, mtungi ukatolewa nje ukaburutwa juu ya mawe, na figili za Umm Fakhri zikapigwa teke mpaka katikati ya njia. Mama yule hakusogea. Abu Ghazwan naye hakusogea, wala hakukunja ngumi. Mikono aliilaza juu ya magoti, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Mletee koti," ofisa alimwambia Ruwaida, karibu kwa upole. "Kule usiku ni baridi."

Alilileta. Alimvika baba yake akiwa amesimama kati ya askari wawili, akaanza kufunga vifungo kuanzia chini. Alipofika cha juu, lile swali lilitoka lenyewe, moja tu, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

"Baba, mwenye mlango alikuruhusu. Kwa nini hukwenda?"

"Leo ningechomelea mlango wa aliyeniruhusu," Abu Ghazwan alisema. "Kesho wangenipeleka kwa asiyeniruhusu, na mkono ungekuwa umeshazoea."