Atiir Hakuacha Nyumba Nyuma

Moto ulianzia kwenye tanuri la mchoma makaa, ukaingia vichaka vya mathenge, na kufikia saa nne asubuhi ulikuwa unakuja kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, kama mtu aliyeitwa kula. Kijiji kizima, hapo nje ya Kakuma, kilikuwa kinafunga mizigo. Mzee Longor peke yake alikaa mlangoni kwenye kigoda chake, anatafuna tumbaku.

Garad mwenye duka alipita na pikipiki, magunia mawili ya sukari nyuma.

"Mzee, panda juu ya sukari twende! Unalinda nini hapo, benki?"

"Nyumba."

"Ya majani?"

"Ya Atiir."

Garad akatia gia, akaenda. Atiir, mke wa Longor, alizikwa miezi miwili iliyopita.

Kwa Waturkana nyumba ni ya mwanamke. Yeye hukata fito, yeye huzipinda, yeye huezeka kwa majani ya mkoma. Mume huingia kama mgeni aliyezoeleka. Longor alikuwa mgeni wa Atiir miaka arobaini. Sasa mwenyeji hayupo. Mgeni ataondokaje bila kuaga?

Mwanamke jirani, Nabei, akaja anakokota punda.

"Apaa, ejok?" akamwamkia mzee kwa Kiturkana, yaani kwema?

"Ejok."

"Ejok gani na moshi ule? Inuka."

"Nendeni. Mimi nabaki na nyumba yake."

"Ukibaki itaungua, na wewe utaiva."

"Sawa tu."

Nabei akashika kiuno. "Nikuulize, apaa. Atiir alihama mara ngapi?"

Mzee akahesabu kichwani. Lokichar. Kerio. Kanamkemer, mwaka ule wa kiangazi kibaya. Na kwingine.

"Mara nyingi."

"Na ni wapi aliacha nyumba nyuma?"

Mzee akaacha kutafuna. Hakuna. Atiir aliifungua fito kwa fito, akaipakia, akaenda nayo. Akifika, inasimama kabla chai haijachemka.

Longor akainuka. Akaishika fito nene ya katikati, akavuta kwa nguvu zake zote.

Paa lote likamwangukia.

Wanawake wenye mizigo kichwani waliitua kwanza ili wacheke vizuri.

"Ameanza na uti wa mgongo!"

"Miaka arobaini analala ndani, hajui inasimama vipi!"

"Mtoeni, moto usije ukamkuta ameshajifunga mwenyewe kama kuni!"

Wakamtoa, majani yamejaa ndevuni. Kisha, bado wanacheka, wakafungua kamba, wakakusanya fito, wakampakia punda. Longor alijaribu kukaza fundo moja, punda akamkanyaga. Wakavuka mchanga wa laga. Moto ulipofika pale nyumba ilipokuwa, ulikuta duara la vumbi, ukafia mchangani.

Ng'ambo, Nabei akauliza, "Tuiweke wapi?" Kuchagua mahali ni kazi ya mwanamume.

Longor akanyoosha fimbo. "Hapa."

"Hapa kuna mchwa."

"Basi pale."

"Na mlango uangalie wapi?"

Mzee akautafuta mlango kati ya zile fito. Mlango ule ameupita maisha yote, hakuwahi kuuliza.

"Jua linapotoka," Nabei akasema taratibu. "Yeye alituambia, jua lisipokupiga usoni wewe huamki."

Longor akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akacheka mpaka ikabidi ageuke, ahangaike na kamba ya punda iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

"Mwongo huyo," akasema. "Haya. Weka jua linapotoka."