Landrova ya Bura na Mama wa Kiti cha Nyuma

Kabla hujaanza kucheka, nenda Gehandu ukaulize. Ulizia kwa Bura mwenye landrova ya kijani, hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka mlangoni. Gari lipo, Bura yupo, na mimi niliyekuwa nimekaa kiti cha mbele siku ile nipo hapa Balangdalalu, nauza mbegu na dawa za mifugo, akili zangu timamu. Sikuwa nimekunywa kitu. Na usidhani ilikuwa usiku, maana najua visa vya namna hii watu hupenda kuvipeleka gizani. Ilikuwa mchana kweupe, jua limewaka mpaka pua yangu ikababuka.

Kwanza nikueleze sisi ni watu gani. Wenzetu wana mpira, wengine wana kwaya, sisi tuna magari mabovu. Tumetawanyika Mbulu na Hanang, tunakutana kwenye grupu letu la simu na kutumiana picha za kabureta kama watu wengine wanavyotumiana picha za wajukuu. Yuko kijana wa Dongobesh anafufua trekta la marehemu baba yake. Yuko mwalimu mstaafu wa Katesh anachonga mabasi ya mbao, na madirisha anayawekea mpaka mapazia. Mimi naunda vigari vidogo. Nachukua makopo ya mafuta ya kupikia, nakata kwa mkasi wa bati, nakunja, naunga kwa risasi, na matairi nakata kwenye kandambili. Mume wangu akikosa kandambili moja asubuhi siku hizi haulizi tena. Lakini vigari vyangu si vya kuchezea watoto. Milango inafunguka, na ukizungusha usukani magurudumu ya mbele yanafuata.

Kila baada ya mavuno tunakutana, na kila mtu analeta alipofikia. Hakuna siku ninayoipenda kama hiyo. Mtu anafungua boneti, watu wanapiga vigelegele! Mwaka huo zamu ilikuwa yetu, uwanjani nyuma ya duka langu, na mimi nilikuwa naunda landrova ya Bura kwa bati wakati yeye anamalizia ile ya kweli.

Bura ni mtoto wa shangazi yangu. Landrova hiyo aliitoa Yaeda Chini, kwenye boma la mzee mmoja wa Kibarabaig anayeitwa Mzee Gwandu. Kuku walikuwa wanatagia kwenye viti na mti ulikuwa umeota palipokuwa na betri. Mzee alikubali kuiachia kwa mtamba mmoja, akasimama muda mrefu ameweka mkono juu ya boneti, kisha akaenda zake kuangalia ng'ombe. Tukaipakia kwenye lori, tukaja nayo Gehandu.

Sasa tatizo lilikuwa Theresia, mke wa Bura. Simlaumu. Gari lilikaa pale alipokuwa anaanika mahindi, vyuma vimejaa mpaka chini ya kitanda, na kila senti ya dengu inaishia kwenye plagi na breki. Ikafika siku akasema basi. Alisema mbele yangu, tena taratibu, na Theresia akiongea taratibu ujue hatanii.

"Likifika Balangdalalu kwa nguvu zake lenyewe, sitalisema tena mpaka nife. Likivutwa, ni chuma chakavu. Mnunuzi nimeshaongea naye."

"Nimekubali," Bura akasema.

Alijibu haraka hivyo kwa sababu alijiamini, na alikuwa na haki ya kujiamini. Bura ni fundi. Ila ana kichaa chake kimoja: anataka kila kitu kiwe orijino. Kama skurubu haikutoka kiwandani na gari, inang'oka. Siku moja nilikwenda kwake kupima vipimo vya kigari changu, nikaona kwenye fimbo ya usukani, chini kidogo ya duara lenyewe, kuna pete ya ngozi. Ngozi kavu, nyeusi kwa uzee, imebana, na bado ina vinyweleo upande mmoja. Ilinivutia mno. Nilirudi nyumbani nikakata kipande cha ngozi ya mbuzi nikakivalisha kigari changu vilevile. Huku nyuma Bura naye akaiona. "Hiki si cha kiwandani," akasema, akachukua kisu, akakata, akatupa kwenye takataka zilizokuwa zinaungua, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa.

Wenzangu wa grupu wangefanya nini? Wote wangekata. Ni sisi watu wa msasa tu tunaoweza kuona uchafu mahali ambapo mtu mwingine angeuliza kwanza.

Siku ya mkutano ilifika, nami nikaja Gehandu tusafiri pamoja. Bura akapiga stata, landrova ikakohoa, ikaunguruma! Niamini, nilirukaruka kama mtoto, na mimi ni mama mtu mzima. Majirani walitoka. Theresia alisimama amekunja mikono, kisha akapanda bodaboda akatangulia ili atupokee mwisho wa safari kwa macho yake. Mlango wa nyuma haukuwa na kitasa, kwa hiyo Bura aliufunga kwa waya, akasokota kwa koleo mpaka ukakaza. Mimi nikakaa mbele, kigari changu mapajani, tukaondoka.

Raha iliyoje! Upepo unaingia, Bura anaimba, mlima Hanang umevaa wingu kichwani, na kila tukipita boma watu wanatupungia. Injini ilikuwa tamu. Tulikaribia Balangdalalu, tukaanza kupita kwenye ile mbuga nyeupe ya chumvi, na Bura akaanza kupanga maneno atakayomwambia mke wake.

Hapo ndipo tulipomwona. Mama mzee, mrefu, amesimama peke yake kando ya njia. Amevaa sketi ya ngozi ya kina mama wa Kibarabaig, ile ya heshima, na mikono yote miwili imejaa bangili za shaba. Akanyoosha mkono.

"Sisimami," Bura akasema. "Nikizima hapa, Theresia ananiuza na mimi."

Na mguu wake ulikuwa kwenye mafuta, niliuona. Lakini gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama mbele ya yule mama kama ng'ombe anayemjua mkamuaji.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba."

Bura naye akaamkia, akasema, "Mama, mlango wa nyuma nimeufunga kwa waya, subiri nishuke nikufungulie." Alikuwa hata hajafungua mlango wake. Tukasikia bangili zinalia nyuma yetu. Tukageuka. Amekaa, kiti cha nyuma ya dereva, ametulia, mikono juu ya magoti.

Utaniuliza, hukuogopa? Nitakwambia ukweli: nilicheka. Nilidhani amepita dirishani, nikasema mwenyewe moyoni, bibi huyu ana nguvu! Gari likaondoka. Harufu nzuri ikajaa ndani, ile ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Kisha mkono ukapita bega langu, ukachukua kigari mapajani pangu. Akakigeuzageuza. Akazungusha kausukani, akagusa kale kapete ka ngozi kwa kidole chake, akatabasamu.

"Huyu mmemvika," akasema.

Halafu akaweka mkono begani kwa Bura. "Na huyu mkubwa, mbona mmemvua?"

"Tumemvua nini, mama?" Bura akauliza.

"Kitu chake cha mkononi."

Injini ikazimika. Haikukohoa, haikutetema, ilinyamaza tu. Na usukani ukaanza kuzunguka. Bura aliinua mikono yote juu, akanitazama.

"Dada, si mimi," akasema. "Dada, si mimi!"

Gari likaacha njia polepole, bila mlio wowote, likateremka kwenye ile chumvi, likasimama. Sasa ndipo nilipogeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Kigari changu kilikuwa kimewekwa juu yake vizuri, magurudumu yake ya mbele yamepinda upande uleule tuliopindia. Tulishuka. Waya wa mlango wa nyuma ulikuwa umesokotwa vilevile, haujaguswa. Na kwenye ile chumvi nyeupe, ambayo hata kanga akipita anaacha alama, hapakuwa na nyayo ila zetu. Hapo sasa niliogopa, sikufichi.

Bura hakukimbia. Alifungua boneti. Umeme upo, mafuta yapo, kila kitu kipo, na gari halitaki. Alijaribu mpaka machozi yakamtoka, maana alijua maana yake ni nini. Mwisho wachungaji waliokuwa wanatoka kunywesha walitufungia ng'ombe, na hivyo ndivyo landrova ya kijani ilivyoingia Balangdalalu, inavutwa na maksai, mbele ya grupu zima.

Theresia alikuwa amesimama uwanjani. Pembeni yake mnunuzi wa vyuma chakavu, na mizani yake imeshaning'inizwa kwenye mti.

Nikasimulia yaliyotokea. Walicheka! Mwalimu wa Katesh alisema nimepigwa na jua. Theresia hakucheka, alisema tu, "Bura, ulikubali." Na Bura akaitikia kwa kichwa, akaanza kutoa vitu vyake ndani ya gari, spana moja moja, anavifuta kwa shati. Jamani, niliumia. Nikachukua simu nikampigia Mzee Gwandu, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

Nilimweleza.

"Alikuwa na bangili mikono yote?" akauliza.

"Yote, baba."

"Na ile ngozi ya usukani mmeipeleka wapi?"

"Ilikatwa. Ikachomwa."

Akashusha pumzi. "Huyo ni mama yangu. Alishafariki zamani. Alishikwa na uchungu huku Yaeda, hiyo gari ikawa inampandisha hospitali, ikakwama kwenye tope, akajifungulia humo ndani. Kiti cha nyuma ya dereva. Mtoto mwenyewe ndio mimi. Wazee wakachinja mbuzi, ngozi nyingine wakanifunga mkononi, nyingine wakamfunga yeye, hilo gari, kwenye usukani, kwa sababu tumetoka siku moja. Mama alikuwa anamwita mtoto wake. Mvua ikinyesha anatoka kwenda kumfunika." Akakohoa kidogo. "Mimi kosa langu sikuwaambia. Nilidhani mnaona."

Theresia akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Kwa hiyo huyu ni ndugu yako?"

"Ni pacha wangu."

Theresia akanirudishia simu. Akamwendea mnunuzi, akaiteremsha ile mizani kwenye mti kwa mikono yake mwenyewe, akampa.

"Nenda nayo," akasema. "Mimi siuzi mtoto wa watu kwa kilo."

Bura alikaa chini palepale kwenye vumbi, spana mkononi, analia na kucheka kwa pamoja, na sisi tukapiga vigelegele mpaka mbwa wa soko zima wakaanza kubweka. Kesho yake Mzee Gwandu alikuja na mbuzi wake mwenyewe. Walichinja uwanjani, akakata ngozi mbichi, akaufunga usukani kwa mkono wake uleule uliofungwa ngozi siku aliyozaliwa, huku anaongea Kibarabaig kwa sauti ya chini. Bura akapiga stata. Mara moja tu. Iliunguruma nikahisi mpaka tumboni.

Tangu hapo ni gari la watu. Mama mjamzito akizidiwa upande wa Gehandu, anayegongewa mlango ni Bura, na mara nyingine anayetoka na funguo ni Theresia, kwa sababu siku hizi anaendesha kuliko mumewe. Masika magari makubwa yanakwama, lile linapita. Nimeshapanda mara nyingi. Kwenye mashimo, injini ikinguruma kwa mbali, nimesikia shaba inalia nyuma yangu, na sijageuka.

Basi wewe mwenzangu unayefufua gari la zamani, nakusihi, kabla hujashika msasa uliza waliokaa nalo. Ukikuta kamba, ukikuta jani, ukikuta ngozi imefungwa mahali usipopaelewa, ondoa mkono wako.

Na siku ukiwa barabarani huku kwetu, landrova ya kijani ikakusimamia, panda, usiogope, hawatozi mtu. Utakuta watu wamebanana, wengine wamekaa juu ya magunia, na kiti cha nyuma ya dereva kiko wazi. Usikae. Toa shikamoo kwanza, kisha tafuta pa kukaa pengine.