Mapunye ya Nyalukemba

Godelive alipika kwa Mzungu mmoja mtaani Nyalukemba miaka kumi na miwili, nyumba ileile, na mbwa wa nyumba hiyo, Kador, alimjua kuliko mtu yeyote. Mzungu huyo alipoona mabaka ya duara yasiyo na nywele mgongoni mwa mbwa, hakufanya mchezo. Alimfungia bandani, akamwita daktari wa wanyama, akaagiza kila tambara alilolilalia lichemshwe. Alimwonya Godelive kwamba ugonjwa ule unahamia kwa watu.

Kisha serikali ikawanyang'anya wageni mali zao. Mwenyeji mmoja, Citoyen Bashige, akapewa duka la yule Mzungu, nyumba, na mbwa humo ndani kabla hajapona, na hakuna aliyemwachia maelezo. Yeye na mkewe, Maman Jeanine, waliamini ukubwa ni mbwa kulala kitandani, basi Kador akalazwa na mtoto wao Placide. Kwa Washi, kabila lao, mbwa analala nje, hilo wote wawili walilijua vizuri tangu utoto wao. Godelive alipoonya, Jeanine alimcheka usoni.

Placide akaota mapunye kichwani. Jumamosi moja, mtaa mzima ukifyeka majani ya Salongo, kazi ya pamoja ya lazima, Jeanine alimfukuza Godelive, akasimama getini akapiga kelele: "Ni huyu mupishi alileta ugonjwa mu nyumba yangu! Musimupatie kazi!"

Wakamsikiliza. Hata Maman Adolphine, jirani aliyekuwa ameshamwahidi kazi, alimfungia mlango. Godelive akaishia kuuza makaa sokoni Kadutu, mikono myeusi, moyo mweusi zaidi. Alimchukia Jeanine asubuhi na jioni, na hakuona aibu kumchukia.

Miezi mitano baadaye Jeanine akaja hapo penye makaa, na viatu vyake virefu. Placide alikuwa ametibiwa mara tatu, na mara zote tatu mapunye yalirudi, ingawa mpishi hakuwepo tena.

"Maman Godelive, muzungu alikuwaka anafanya nini na ile imbwa?"

Godelive alimwonea huruma Placide, maana aliwahi kumbeba mgongoni. Lakini mapunye hayaui mtu kwa siku tatu.

"Nitakuambia samedi, ku Salongo. Kwanza utasema ukweli mbele ya bale bote balikusikia."

Jumamosi alivaa kitenge chake cha misa, akaenda bila jembe. Jeanine alikuwa amesimama katikati ya barabara, macho chini.

"Godelive hakuletaka ugonjwa," alisema kwa sauti ndogo. "Ni imbwa yetu. Tulilalisha mutoto naye."

Watu wakaacha kufyeka. Jeanine akamgeukia Godelive: "Nimesema. Sasa niambie, maman, nakuomba."

Godelive alisikia utamu. Akatazama barabara yote, geti kwa geti, mpaka kule mwisho ambako mwanamke mmoja bado ameinama anang'oa majani.

"Maman Adolphine iko kule, hajasikia," alisema. "Twende. Utarudilia yote."