Chinsaga Kwenye Kabati la Seli

Kazi yangu ni kukuza seli za saratani katika maabara moja hapa Kisii, tuzijaribie dawa. Kabati la kuzikuzia lina joto kama la mwili, na mama alikuwa ameniletea chungu cha mboga, chinsaga ya maziwa, kutoka Manga. Kwetu chinsaga hailiwi siku inapopikwa; hulazwa ichachuke. Nikailaza humo, nyuma ya seli tulizokuwa tumezitia dawa mpya siku hiyo.

Kesho yake nilikuta seli zote zimekufa. Profesa alizitazama kwa hadubini, akanikumbatia. "Dawa imefanya kazi!" Nami niliamini, nikaisahau hata mboga.

Akawaita wataalamu waje kushuhudia. Alipofungua kabati, harufu ilitangulia. Mtaalamu mmoja wa Nyamira alivuta pumzi taratibu.

"Profesa," akauliza, "dawa hii mmeipikia ugali?"