Mdaiwa Sugu

Namba ngeni nilishaacha kupokea, kwa hiyo wadai wa mkopo wangu wa chuo wakampigia mama, aliyenidhamini. Tulikuwa uani, Makanyagio, tunapukuchua mahindi. Kwenye spika ya simu yake, sauti ya kijana ikamwambia, "Mwanao ni mdaiwa sugu."

Mama ni Msukuma, Kiswahili alikikuta ukubwani. Akanishika kiganja, akakigeuza, akakitazama kwa muda.

"Ni kweli, baba, sugu anazo," akajibu. "Shahada ipo kabatini, yeye analima tumbaku ya watu."

Kijana akakata simu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Wanapiga bado. Simu ikiita tu, mama hunishika kiganja kwanza, aone kama deni limepungua.